Mtu wa Pili Chumbani mwa Mize

Mdogo wangu Mize alikuwa katika mwezi wa tatu wa eda alipoanza kumuona mtu wa pili chumbani.

Naanzia hapo kwa sababu nikianza nyuma zaidi watu huniuliza habari za mumewe, na habari zake ni fupi. Simai alipanda mkarafuu kwao Mangapwani, tawi likakatika, akafa kabla hajafikishwa barabarani. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na nane. Mize alikuwa na miaka thelathini na mbili, na mimi Kazija nimemzidi kwa saba. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, kwa hiyo aliyemuingiza Mize edani ni mimi.

Na nilimuingiza barabara. Tulikaa Mkunazini, mjini Unguja, ghorofa ya pili, katika nyumba ya kuta nene za mawe. Madirisha ya chumba chake niliyafunga nikaacha upenyo wa vidole viwili. Kioo nilikigeuzia uso ukutani, maana kizuka, yaani mjane aliye edani, kwetu hajitazami. Nguo nyeupe tupu. Wanja hakuna, udi hakuna, na mwanamume wa nje asisikie hata kikohozi chake. Miezi minne na siku kumi. Mimi nilikuwa mshona kofia, nikijulikana kwa vitobo vyangu vilivyolingana na kwa ulimi wangu mkali. Mwaka mmoja nyuma nilimsema jirani mbele za watu kwa kuwa alichungulia dirishani kabla eda yake haijaisha. Sasa zamu ilikuwa ya nyumba yangu, na niliapa kwamba mtaa hautapata la kusema.

Mkwewe Mize, Bi Mwanamwema, alikuja kutoka Mangapwani kukaa naye. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na Simai ndiye aliyekuwa mwanawe wa pekee. Alilala mkekani kando ya kitanda cha Mize, na mchana alikaa pale pale na tasbihi yake.

Kwanza kilikuja kichwa.

"Dada, nnaumwa. Hapa, nyuma ya jicho." Mize aliweka kidole juu ya nyusi ya kushoto.

"Kilio hicho," nikamwambia. "Umelia miezi mitatu, ulitaka uumwe na nini? Mguu?"

Nikampa vidonge vya kichwa, nikamkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji baridi. Maji ya waridi yangemtuliza zaidi, lakini yana manukato, na kizuka hatumii manukato. Hata hilo nililikumbuka. Hilo la kumuuliza kwa nini kichwa kinauma upande mmoja tu, mchana na usiku, halikunijia.

Siku ya tatu niliingia na bakuli la uji. Mize alinitazama, kisha akatazama pembeni mwa bega langu. Uso wake ukabadilika.

"Nani huyo uliyekuja naye?"

"Nimekuja na uji."

"Dada, usinifanyie mzaha. Huyo ubavuni mwako. Kavaa kama weye, lakini simuoni uso vizuri."

Niligeuka. Mlango ulikuwa mtupu. Sioni haya kusema kwamba bakuli lilinitoka mkononi, uji wote ukamwagika kwenye mkeka wa Bi Mwanamwema.

Tangu saa ile mtu yule hakuondoka. Alikuja nami nikija, akaja na Bi Mwanamwema akisogea, akaja na kila mwanamke aliyepanda ngazi kuja kumuangalia mgonjwa. Alisimama karibu mno na mtu, alisema Mize, kama anayetaka kumnong'oneza. Wanawake wakapunguza kuja. Waliokuja walikaa karibu na mlango, wakaaga mapema, na chini barabarani nikawasikia wakisema: mume kamfuata mkewe, anataka kumchukua.

Nami nikaamini. Naliweka wazi hili, maana nimewahi kusikia watu wakiisimulia kama kwamba mimi ndiye niliyekuwa na akili tangu mwanzo. Niliamini, na niliogopa mpaka nikawa napita mbele ya chumba kile upesi upesi, nikisoma kila aya niliyoihifadhi. Lilikuwepo la kuniamsha, laiti ningekuwa nasikiliza. Mize alikuwa akinyoosha mkono kuchukua kikombe akashika hewa. Alisema pia kwamba taa ni mbili. Mtu yeyote mwenye akili zake angeuliza mzimu unataka nini na taa ya mafuta ya taa. Sikuuliza, na kope yake ya kushoto ilipoanza kushuka, nikasema jicho limechoka kwa machozi.

Aliyenitisha zaidi alikuwa Bi Mwanamwema, kwa sababu yeye hakuogopa. Siku ya tano nilimkuta amepiga magoti kitandani.

"Yuko wapi sasa?" alikuwa akimuuliza Mize.

"Yuko hapo, mama. Ubavuni mwako."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

Bi Mwanamwema akageukia kushoto, akatabasamu kwa hewa tupu. "Simai, mwanangu, umekula?"

Nilitoka nikaenda jikoni, nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, nikakuna nazi ambayo hakuna aliyeihitaji.

Ndipo nilipofikiria kombe. Karibu na msikiti wa mtaa wetu alikuwa akikaa Sheikh Shamsi, mtu wa elimu, na mkewe Biasha alikuwa shoga yangu. Nikamtuma Biasha aniombee kombe, ile sahani inayoandikwa aya kwa zafarani, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Biasha akauliza ana nini. Nikaona haya kusema kwamba nyumba yangu ina mzimu. Nikasema, "Anaota ndoto mbaya tu." Kombe likaja siku tatu mfululizo, na kila siku kope ilikuwa imeshuka zaidi.

Siku ya tisa tangu kichwa kianze, kope ilifunga kabisa. Na mtu wa pili akatoweka.

"Hayupo," Mize akasema, akitazama huku na huku kwa jicho moja. "Dada, kenda zake!"

Nilipiga vigelegele palepale, katika nyumba ya msiba, mimi mwenyewe niliyekuwa nikiwakataza wenzangu kucheka kwa sauti. Nikampelekea Biasha sahani ya vileja amshukuru mumewe. Kichwa bado kilikuwa kikiuma, lakini nikasema hayo ni mabaki. Bi Mwanamwema peke yake hakufurahi. Alijifunika kanga kichwani akageukia ukuta, na kutwa nzima hakula.

Siku ya kumi na moja, mchana baada ya adhuhuri, niliona tongo limegandia kwenye lile jicho lililofunga. Nikachukua pamba na maji ya uvuguvugu, nikakaa kitandani kumsafisha. Ili nifike ndani vizuri, nikainua kope kwa kidole gumba.

Mize alipiga ukelele.

"Karudi! Dada, karudi, yuko juu yako!"

Niliachia kope. Ikashuka.

Mize alikuwa anahema. "Kaondoka," akasema.

Sijui ni nini kilichoniingia. Nadhani ni ile tabia ya mshonaji, akiona uzi umekwenda kombo lazima auvute aone umeanzia wapi. Nikainua kope tena.

"Yupo?"

"Yupo! Niachie!"

Nikaishusha. "Sasa?"

"Hayupo."

Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja, nikainua kope ya kushoto. "Watu wangapi?"

"Mmoja. Weye tu. Lakini umekaa upande."

Nikamuondolea kiganja jichoni. "Na sasa?"

"Wawili."

Nilinyanyuka nikafungua dirisha. Miezi mitatu halijafunguliwa, na mwanga wa mchana uliingia chumbani ukamfanya Bi Mwanamwema ajikunyate. Nikarudi kitandani, nikainua kope ile mara ya mwisho, na kwa mara ya kwanza nikalitazama jicho la mdogo wangu. Lilikuwa limegeukia nje na chini, likitazama ukuta wakati la kulia likinitazama mimi. Mboni ya kulia ilikuwa ndogo, kama kitobo cha kofia. Ya kushoto ilikuwa imetanuka mpaka karibu imeze rangi yote ya jicho, na mwanga wote ule wa dirishani haukuitikisa. Kofia yenye vitobo vya namna hiyo ningeifumua hapohapo.

Hofu ya mzimu ikanitoka, na mahala pake ikaingia nyingine iliyokuwa mbaya zaidi. Mzimu unasomewa. Hiki kilichokuwamo kichwani mwa Mize sikukijua hata jina.

"Nnampeleka hospitali," nikasema.

Bi Mwanamwema alisimama mlangoni. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na hata siku ile hakuipaza. "Eda haijaisha, Kazija. Utamtoa mke wa mwanangu nje, akatazamwe na wanaume?"

"Mama, jicho lake limekufa."

"Na huko watamtoa mwanangu." Machozi yalikuwa yanamchuruzika. "Mfungue jicho tena. Mara moja tu, mwanangu. Nimuage."

Niliogopa kumtazama. Nilichukua buibui langu, nikampita, nikashuka ngazi mbio kwenda kwa Sheikh Shamsi. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Nilijua atakataa, na nilijua nitagombana naye mpaka aninyime salamu maisha yangu yote. Nilimkuta barazani kwake.

"Shikamoo, Sheikh."

"Marahaba, Bi Kazija. Mgonjwa wa ndoto hajambo?"

Nikamwambia yote, kichwa, jicho, mtu wa pili. Nikamalizia, "Nimekuja kuomba ruhusa nimtoe edani nimpeleke kwa daktari, na ukininyima nitamtoa vivyo hivyo."

Sheikh alikuwa mzee mpole, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira.

"Ruhusa gani? Nani kakwambieni eda inamzuia mgonjwa kwenda kwa tabibu? Mjane akiumwa hutoka akatibiwa, mchana, pamoja na maharimu wake, jamaa asiyeweza kumuoa. Haikuzuiwa hata siku moja. Mliniomba kombe la ndoto! Mbona hamkuniuliza?"

Mbona hatukumuuliza. Kwa sababu nilikuwa najua. Mambo ya eda nilifundishwa na bibi yangu, naye na bibi yake, na katika mambo hayo sikuona kwamba kuna mwanamume wa kunieleza kitu, hata awe sheikh. Hatua mia moja kutoka mlangoni kwangu, na siku kumi na moja.

Ami yetu Ame, mchukuzi wa bandarini, alimshusha Mize akiwa ameketi kwenye kiti, nami nimeshika miguu ya mbele ya kiti. Mize alikuwa amefunikwa gubigubi. Bi Mwanamwema hakuja. Tulipofika barabarani niliwaona jirani zangu wamesimama milangoni, na hata yule niliyemsema mwaka uliopita alikuwepo. Nilikaza macho kwenye miguu ya kiti.

Hospitali tulipokewa na daktari mgeni, Mchina, mwenye mfasiri wake kijana aitwaye Matar. Daktari alimulika tochi jicho la kulia, akamulika la kushoto, akarudi la kulia. Alimwambia afuate kidole chake. Kisha akaizima tochi akasema maneno machache, na Matar akaniuliza, "Tangu lini?"

"Siku kumi na moja."

Matar alifasiri. Daktari akachukua karatasi akachora bomba, na ubavuni mwa bomba kifuko.

"Umeona mpira wa baiskeli unavyovimba pahala pamoja, pale ulipodhoofika?" Matar akaniambia. "Mshipa wa damu kichwani mwake umevimba namna hiyo, nyuma ya jicho. Uvimbe umeukandamiza mshipa wa fahamu unaoinua kope na kugeuza jicho. Ndio maana akaona vitu viwili viwili."

"Na ukipasuka?"

"Ukipasuka, wengi hawawahi kufikishwa hospitali."

"Utapasuka lini?"

Matar akamuuliza daktari, akajibiwa. "Hajui. Leo au mwakani. Lakini jicho likiharibika ghafla hivi, maana yake uvimbe unakua. Hapa hapana wa kuupasua. Lazima aende bara, Nairobi. Mpaka hapo alale, asinyanyue kitu, asikohoe kwa nguvu, asilie, asishtuliwe. Hasa asishtuliwe."

Kibali cha safari na nafasi ya ndege vilichukua siku tatu. Ninazikumbuka siku hizo tatu kuliko mwaka mzima wowote wa maisha yangu. Mimi, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa tatu, niliongea kwa kunong'ona. Nilivua ndara nisifanye kelele. Mwenzake wa kitanda cha pili akiangusha kijiko, mimi naruka na kumtazama Mize usoni. Akipiga chafya nilishika kichwa chake kwa mikono miwili, kama kwamba mikono yangu ingeushika mshipa ule usipasuke. Alipolala nilisogeza sikio puani mwake. Niliogopa akilala, nikaogopa akiamka.

Siku ya pili alinishika mkono. "Dada. Nimetoka edani kabla ya wakati wangu. Simai ntamwambia nini?"

Niliona jicho lake zima linajaa machozi. Asilie, alisema daktari.

"Sheikh Shamsi katoa ruhusa," nikamjibu haraka.

"Ya lini?"

Hapo ndipo. Ningeweza kumwambia kweli: ruhusa ilikuwepo tangu siku ya kwanza, mimi ndiye sikuiuliza. Nikautazama uso wake, nikaona ule mpira wa baiskeli uliochorwa karatasini.

"Ya juzi," nikasema. "Kwa vile jicho limefunga. Kabla ya hapo hapakuwa na ruhusa. Tulifuata sheria."

Alishusha pumzi ndefu, akatulia juu ya mto. "Ahsante, dada. Umenilindia eda yangu."

Nairobi nilikwenda naye. Daktari wa huko alimpasua shingoni, akaufunga mshipa mkubwa ili damu isiende kwa nguvu kwenye ule uvimbe. Alikuwa hai baada ya siku moja, baada ya wiki, baada ya mwezi. Siku ya kuondoka daktari alinieleza mambo mawili ukumbini. La kwanza, kwamba jicho halitafunguka. Angeletwa siku zile za mwanzo, kope ilipoanza tu kushuka, huenda lingerudi, lakini ule mshipa wa fahamu umekandamizwa muda mrefu mno. La pili, kwamba kwa miezi ya mwanzo nimlinde na mshtuko. Miezi mingapi, sikuuliza. Nikajiambia ni ya maisha, na kusema kweli ilinifaa iwe hivyo.

Tulirudi Unguja. Bi Mwanamwema alikuwa amesharudi Mangapwani, na sidhani kama aliwahi kuamini habari ya mpira wa baiskeli. Mize alikaa nami. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunga moja kwa moja, na watu walipomuuliza, alikuwa na jibu lake.

"Hili nimeliacha edani," alisema. "Kichwa kinapasuka, jicho linafunga, na dada yangu hakuniruhusu kuvunja sheria. Mpaka sheria yenyewe ikaniruhusu."

Alilisema harusini, akalisema matangani, na kila mara wanawake walinigeukia na kunitazama kwa heshima. Mwanzoni nilitoka nje. Baadaye nikazoea kuinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu. Na hofu haikuniacha. Kila neno la kweli lilipofika ulimini, niliuona ule mshipa, nikalimeza. Ikawa sasa naogopa vitu viwili, kwamba nikimwambia atakufa, na kwamba nikimwambia hatakufa bali atanijua.

Ikaendelea hivyo hadi mwaka wa sabini na moja. Mwezi wa Rajabu alifariki Mwalim, fundi seremala wa mtaa wa pili, akaacha mjane mdogo, Tabia, wa miaka ishirini na moja. Kwao walikuja kumuomba Mize awe anakaa naye edani, maana sasa Mize ndiye aliyekuwa mtu wa mambo hayo. Akakubali kwa furaha.

Siku moja asubuhi Biasha alinijia, hata hakuketi. "Kazija, unajua Tabia anaumwa? Tumbo, upande wa kulia. Siku ya tatu leo, ana homa, hawezi kunyoosha mguu. Mamake anataka kumpeleka hospitali, Mize anamzuia. Anamwambia avumilie, kwani yeye hakuvumilia?"

"Mume wako hakuambiwa?"

"Yuko Pemba. Na nani atakayemsikiliza mwengine? Kila mtu anasema, muulizeni Mize, yeye ndiye aliyepita huko."

Nilikwenda. Nilikwenda polepole, naungama, nikisimama kila pembe ya uchochoro. Nilikuwa najua nikifika juu kuna watu wawili kitandani pale ambao mmoja wao naweza kumuua, Mize nikisema au Tabia nikinyamaza, na sikujua ni yupi.

Chumba kilikuwa giza kama kile cha nyumbani kwangu. Tabia alilala ubavu, amekunja goti, midomo imekauka. Mamake alikuwa analia kimyakimya. Mize alikuwa ameketi kichwani mwake akimfuta jasho, na kwa kweli alikuwa akimfuta kwa mapenzi.

"Dada!" akasema aliponiona. "Njoo umwambie. Mwambie siku zile nilivyokuwa."

Nilifungua dirisha kwanza, ili nimuone. Kama ningemuua, nilitaka nione nafanya nini.

"Ntamwambia," nikasema. "Mize, siku ile Sheikh Shamsi hakunipa ruhusa. Alinigombeza. Alisema mjane mgonjwa anatoka akatibiwa, na ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza. Hapakuwa na sheria yoyote niliyokulindia. Sikuuliza tu. Nilikuwa naogopa maneno ya watu."

Nilimkodolea macho Mize. Nilingoja ashike kichwa. Nilingoja aanguke ubavuni mwa yule mtoto, na nilikuwa nimeshanyoosha mikono.

Hakushika kichwa. Alikunja kile kitambaa cha jasho mara mbili, akakiweka juu ya mto.

"Nikakuuliza," akasema. "Kitandani kule. Nikakuuliza ya lini."

"Nilikudanganya."

"Na jicho? Ningekwenda mapema?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini mamake Tabia alikuwa ananitazama, na Tabia naye, kwa macho yake yote mawili.

"Daktari wa Nairobi alisema huenda lingefunguka."

Mize aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Kisha akanyanyuka, akamwambia mama yule, "Katafute gari. Mwambie kaka yake aje amchukue, sasa hivi. Usimuulize mtu yeyote tena." Akamuinamia Tabia akamvisha buibui kwa mikono yake, akamfunga na ushungi, na hakunitazama.

Walipokwisha kumteremsha, yeye akafuata. Tangu jicho lake lifunge hakuweza kupima vidato vya ngazi, na popote penye ngazi alinishika mkono. Nilisimama mlangoni nikamnyooshea mkono. Alinipita bila kuushika. Ngazi za nyumba ile zilikuwa wima na za giza, na nilimsikia akizitafuta kwa unyayo, moja moja, kiganja chake kikikwaruza ukuta. Nilikuwa naogopa ataanguka, na sikuthubutu kumwita.